Polepole hadi Rubya

Simpendi Avit Rutaihwa, na nasema mapema ili msomaji asipoteze muda akisubiri nimpende huko mbele. Nilisoma naye Kaagya, nikampiga ngumi moja tukiwa darasa la nne, na mpaka leo nasikitika kwamba ilikuwa moja tu. Lakini hii si habari yake. Ni habari ya dada yake mdogo, Adventina, ambaye sisi majirani tunamwita Ma Adventina, na ya siku moja ya mwaka juzi nilipomwendesha kwenda Rubya kwa mwendo wa maandamano ya Ekaristi.

Ma Adventina aliolewa Kanyigo akiwa binti wa miaka ishirini. Mume akafa, mtoto hawakujaliwa, na shemeji zake, watu wa kusali sana, wakamrudisha kwao na godoro lake hata arobaini haijaisha. Alimkuta baba yake, mzee Rutaihwa, anaanza kupofuka. Avit, kaka mkubwa na mrithi, yaani omusika, alikuwa Dodoma kwenye kazi ya ofisi, na alikuwa anakuja Krismasi moja kati ya tatu. Basi Ma Adventina akashika jembe kwa mkono mmoja na baba yake kwa mkono mwingine. Mzee alipokufa walimzika nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Avit alilia sana siku hiyo, akaondoka kesho yake.

Mnyauko ulipoingia Kaagya mimi niliiacha nusu ya migomba yangu ife, nikakaa barazani nikilaani serikali. Yeye aling'oa shina moja moja akafukia. Yale maua dume yanayoning'inia chini ya mkungu aliyavunja kwa mti wenye panda, hakutumia kisu, maana kisu hubeba ugonjwa kutoka mgomba huu kwenda mgomba ule. Halafu akapanda upya. Nyasi za kutandaza alizikata rweya, kule kwenye uwanda wa wazi, akazibeba kichwani kilomita mbili, mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Kibanja chake, yaani shamba la nyumbani la migomba na mibuni, kikasimama tena. Ukisimama pale juu kwenye mibuni yake unaliona ziwa lote, na hilo ndilo lililomponza.

Na alikuwa na amwani. Kwa asiyejua, hiyo ni kahawa ya kutafuna: unaichuma haijaiva sana, unaichemsha na majani fulani, unaianika, kisha unatafuna punje mbili tatu kavu kavu. Mhaya akikukaribisha kwake, kabla ya chai na kabla ya ndizi, anakupa amwani. Unapokea kwa mikono miwili, na tangu hapo hakuna ubaya kati yenu. Kila nyumba ina majani yake ya kuchemshia, na ya Ma Adventina nilikuwa naijua kwa harufu tu. Miaka yote hiyo sikuwahi kupita mlangoni kwake bila kuwekewa punje kiganjani.

Avit alipostaafu alijenga Ijuganyondo, nyumba yenye madirisha makubwa na geti la kelele. Haukupita mwaka akapata mtu wa mbali anayetaka kuweka nyumba za kulaza wageni mahali panapoonekana ziwa. Kuuza kibanja cha ukoo si kama kuuza baiskeli. Ukoo lazima ukae, na mkubwa wa ukoo wao ni Ta Kashaija wa Rubya, mzee wa miaka themanini na zaidi. Ta Kashaija alijibu kwamba kikao kitakuwa Jumamosi saa nane mchana, na akaagiza neno moja zaidi: Avit aje na dada yake.

Ndipo Avit akaja kwangu.

"Wilbert, bojo," alisema, akilipiga piga gari langu kama mtu anayenunua ng'ombe. "Matairi yako ya mbele yamekwisha. Nitakupa mawili mapya kabisa."

Nikamuuliza kwa lipi.

"Nataka unipeleke Rubya na dada yangu. Lakini polepole. Maskini, huyu hajatembea, yeye ni shamba na kanisa tu. Nataka apitie Kashozi, Bukoba mjini, Kanazi, Kamachumu, aone historia ya kwao. Tusifike kabla ya saa kumi."

Kikao nilikuwa nakijua. Kaagya nzima ilikuwa inakijua. Saa nane na saa kumi si mamoja, na mimi hesabu hiyo naiweza. Lakini matairi yangu ya mbele yalikuwa laini kama kichwa cha padri mzee, na mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Nikajiambia kwamba mambo ya ndugu wawili si yangu. Nikakubali.

Safari ya kutoka Kaagya hadi Rubya, ukiwa na nia njema, haizidi saa tatu. Tuliondoka saa mbili asubuhi. Ma Adventina alivaa gauni la kanisani, akakaa nyuma na kikapu kidogo chenye kifuniko mapajani. Avit alikaa mbele, akamwomba simu yake "nikuchajie, dada," akaichomeka, akaifunika kwa kofia yake. Saa ya gari langu ilikufa zamani. Saa pekee iliyombakia Ma Adventina ilikuwa hii yangu ya mkononi.

Kashozi tulikaa saa nzima. Avit alimsimamisha dada yake mbele ya kanisa akampiga picha, huku anamsomea kutoka kwenye simu habari za wamisionari wa kwanza, walifika lini, walilala wapi. Ma Adventina alibatizwa katika kanisa hilo, akapata kipaimara katika kanisa hilo, na kila Jumapili ya Matawi anatembea kwa miguu hadi hapo. Alimsikiliza kaka yake mpaka mwisho.

"Kumbe," alisema.

Kisha akafungua kikapu, akanyosha mkono wenye punje tatu. Avit akarudi nyuma hatua moja. "Meno, dada. Daktari amenikataza vitu vigumu." Akageuka kupiga picha mnara. Punje zile akanipa mimi. Nilipokea kwa mikono miwili, nikatafuna, na zilikuwa nzuri kama siku zote.

"Kaka, tutawahi?" aliuliza tukiwa tunaingia garini.

"Haraka haraka haina baraka," alijibu Avit. Alilirudia neno hilo siku nzima, kila mji, na kila aliposema nilitamani kumfungia nje ya gari na kumwacha na baraka zake.

Mjini Bukoba alitupeleka kwanza kwenye majengo ya Wajerumani kule karibu na ziwa, kuta nene, mabati yaliyoota kutu, na mbuzi wa mtu amelala barazani. Avit akasema, "Ona jinsi watu wa zamani walivyojenga kwa utulivu." Mimi nikasema watu wa zamani waliojenga pale ni babu zetu, na waliojenga kwa utulivu walichapwa. Alicheka. Hicho ndicho ninachokichukia zaidi kwake: humkasirishi.

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliniambia niegeshe kwenye duka la matairi, akateremka, na mbele ya dada yake akamwambia fundi kwa sauti ya kuhutubia, "Mfungie huyu mawili ya mbele, mapya, yale niliyolipia juzi. Leo ameacha kazi zake zote kwa ajili yetu."

Ma Adventina alikaa kwenye benchi la mbao, kikapu mapajani, akawatazama mafundi wakiinua gari kwa jeki. Saa nzima nyingine ikaenda hapo, na Avit akaongeza nusu saa ya samaki na ndizi kwenye hoteli ya jirani. Nilisimama karibu na yule mama nikijifanya nakagua nati. Aliyatazama matairi yangu mapya, yana manyoya yale ya mpira bado, kisha akanitazama mimi.

"Matairi mazuri, Wilbert," alisema. "Sasa tutafika mapema."

Nilisema asante. Sijui kwa nini nilisema asante.

Kanazi tulisimama kwenye kikale, nyumba ile ya zamani ya wafalme. Avit akamwacha dada yake akitazama ngoma na mikuki pamoja na mlinzi, akaja kusimama nyuma ya gari, hajui kwamba mimi nimelala kwenye kiti dirisha likiwa wazi. Alikuwa anaongea na mkewe, Renatha, ambaye alitangulia Rubya tangu Ijumaa na karatasi zote.

"Barua yangu umeisoma? Wakikaa saa nane wasomee tena. Inasema mimi na dada tumekubaliana, tukichelewa waendelee bila sisi... Ndiyo. Na amwani umempa mzee? Ile ya sokoni, niliyoifunga kwenye jani... Basi, shida iko wapi? Saa nane ikifika waambie wasisubiri."

Kwa hiyo ilikuwa hivyo. Dada yake asingekuwepo, na kutokuwepo kwake kungeitwa kukubali. Na Avit angekuwa na lake la kusema: jamani, mimi nilikuwa naye gari moja, barabara ndiyo iliyotuchelewesha. Nilimchukia pale kuliko siku ile ya darasa la nne. Ningeweza kushuka nikamshika yule mama mkono, nikamwambia, Ma, panda tumwache huyu hapa na wafalme wake. Barabara ilikuwa wazi, mafuta yalikuwepo. Lakini gari langu lilikuwa limesimama juu ya matairi ya Avit, na ulimi wangu nao. Niliwasha gari, nikamngoja.

Alipotoka kwenye kikale Ma Adventina alifungua kikapu tena. Alimpa kaka yake, kaka akataja meno. Akazirudisha punje, akafunga kifuniko, akapanda. Mimi nilikuwa nimeshaweka kiganja tayari. Nilidhani amesahau, ni mtu mzima.

Kutoka Muhutwe unapanda mlima kwenda Kamachumu, na kule juu kuna baridi na upepo mzuri, watu wanavaa masweta mchana. Mji wenyewe ni maduka ya zamani yenye nguzo barazani, rangi imebanduka, mafundi cherehani wamekaa kwenye kivuli kama walivyokaa baba zao. Siku nyingine ningesema ni mji wa kupendeza. Siku hiyo niliuona ni ukuta mwingine ambao Avit amemjengea dada yake. Aliteremka kutafuta soda baridi, akachagua duka la mbali kuliko yote.

Tukabaki wawili. Ma Adventina akainamia kiti changu.

"Wilbert, saa ngapi?"

Nilitazama mkono wangu. Ilikuwa saa nane na robo. Kule Rubya kikao kilikuwa kimeanza robo saa iliyopita. Tungeondoka dakika ile, kwa matairi yale, tungefika hata maneno ya utangulizi hayajaisha, maana nawajua wazee wetu kwa utangulizi. Hilo lote niliwaza. Kisha nikavuta mkono wa shati ukafunika saa.

"Saa saba hivi, Ma. Bado mapema."

Alitoa kichwa dirishani akatazama kivuli cha nguzo ya duka. Mtu aliyelima miaka arobaini hahitaji saa yangu. Alikitazama kile kivuli, akarudi kukaa, akaweka mikono yote miwili juu ya kikapu.

"Haya," alisema. Kisha akaongeza, kama anaongea na kikapu, "Watasubiri."

Nilimhurumia. Nikamwona ni mama wa shamba asiyejua kwamba dunia ya karatasi haimsubiri mtu. Huruma ya namna hiyo, ya mtu anayekuibia huku anasikitika, naijua sasa ilivyo nyepesi.

Muleba mjini Avit alikula tena. Alisinzia. Alitaka tuone soko. Ma Adventina hakuuliza kitu chochote, na mimi niliyekuwa nimekubali kwenda polepole ndiye niliyepiga honi mara tatu.

Tulifika Rubya saa kumi na nusu. Avit alishuka kabla sijazima gari, akiwa na uso wa majonzi aliokwisha uandaa, akaanza kusema akiwa mbali: "Waitu, mtusamehe, barabara..."

Hakumaliza. Wazee sita walikuwa wamekaa kwenye mabenchi mbele ya nyumba ya Ta Kashaija. Hawakuwa wamekula. Hawakuwa wamekunywa hata maji. Renatha alikaa pembeni na faili lake la plastiki, uso umemvimba kwa hasira, kalamu ikiwa bado na kifuniko. Mbele ya Ta Kashaija, juu ya kigoda, kulikuwa na jani la mgomba limefunguliwa, na juu yake kahawa ya sokoni, haijapungua hata punje moja.

"Tumekaa tangu saa nane," alisema Ta Kashaija. Aliongea Kihaya, taratibu, na maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili. "Avit, mkeo ametuletea hii. Nimeinusa. Hii imetoka kwenye kibanja kipi?"

"Ya nyumbani, Ta."

"Nyumbani kwa nani?"

Avit alianza kueleza. Mzee akainua mkono.

"Hujui, au umesahau? Ukoo huu haufungui mdomo juu ya kibanja kabla haujatafuna amwani ya kibanja hicho, kutoka kwenye mkono ulioichuma. Baba yako alinipa ya kwake hapa hapa, akiwa kipofu, ameshikwa mkono na huyu. Barua yako imesomwa mara nne. Karatasi haitafunwi."

Ndipo nikaelewa kwa nini yule mama hakuhangaika mji hata mmoja. Avit alikuwa amebeba barua, na kikao chenyewe kilikuwa kwenye kikapu. Siku nzima alikuwa anakizunguka bila kujua, anakipiga picha, anakikimbia kwa meno yake.

Ma Adventina alipiga magoti, akawasalimia wazee mmoja mmoja. Kisha akafungua kikapu. Harufu ile ikatoka, mimi niliisikia mpaka kwenye gari. Ta Kashaija alipokea kwa mikono miwili, akatafuna akiwa amefumba macho.

"Ndiyo," alisema. "Hii naijua."

Wazee wote wakapokea. Hata Renatha akapokea. Ma Adventina akafika kwa kaka yake, akanyosha mkono, punje tatu, kama Kashozi, kama Kanazi.

"Meno yangu, dada..."

"Mtu asiyeweza kutafuna kahawa ya baba yake," alisema Ta Kashaija, "anatuambia anauza nini?"

Avit alitafuna. Sina haja ya kuficha, nilifurahi. Alizitafuna kama mtoto anayekunywa kwinini, na sikusikia jino hata moja likivunjika.

Kikao chenyewe hakikuchukua muda. Ta Kashaija alimwuliza Avit mibuni ya kibanja kile iko mingapi, hakujua. Akamwuliza kaburi la baba yake limezungukwa na migomba ya aina gani. Avit akataja aina iliyokufa na mnyauko. Mzee akamgeukia Ma Adventina, akamwuliza kama amekubali kuuza. "Sikuulizwa," alisema Ma Adventina. Wazee wakanong'onezana. Kisha Ta Kashaija akasema kibanja hakiuzwi, na kwamba jina la mrithi Avit abaki nalo, lakini jembe lina mwenyewe, na mwenyewe hatatolewa pale akiwa hai. Renatha akalifunga faili kwa nguvu, akaondoka kutafuta pikipiki. Avit alimfuata akiita jina lake.

Nilibaki nimeegemea gari, nacheka peke yangu. Siku nzima nilikuwa nimemchukia yule mtu kwa niaba ya mama yule, na nikaona kama ushindi ule ni wangu pia kidogo. Ta Kashaija akaniona.

"Adventina, mpe na dereva. Ametoka mbali."

Nilisogea. Niliunganisha viganja vyangu nikavinyosha mbele yake, kama nilivyofanya mlangoni kwake tangu siku aliyorudi kutoka Kanyigo. Alivitazama viganja. Akatazama matairi ya mbele, meusi, mapya, yana vumbi la miji yote ile. Akakiweka kifuniko juu ya kikapu, akakibana vizuri pande zote.

"Bado mapema, Wilbert," alisema.